Mambo ya Nyumbani: Kuku wa Kupendwa, Yupi Atufaaye?



Mwezi huu twataka kusema habari ya kuku. Wala hatusemi wale wafugwao kwa mamia ili kuuzwa sokoni, bali yule kuku mmoja au wawili ambao mtoto huwapa jina, huwalisha kwa mkono wake, na kuwahesabu jioni kabla ya mlango wa banda kufungwa. Wazazi hutuuliza, Tumchagulie mtoto wetu kuku wa namna gani? Nasi twaona swali hili lastahili jibu refu, maana uchaguzi mbaya huleta hasara na machozi, na uchaguzi mwema humfunza mtoto utunzaji ambao hatausahau.

Wako wasemao, Kuku ni kitoweo, kumpenda kuku ni upuzi. Sisi hatukubali. Katika viumbe vyote vya nyumbani, kuku ndiye wa kwanza ambaye mtoto mdogo aweza kukabidhiwa. Ng'ombe ana nguvu kumshinda, na mbuzi akimponyoka ataingia shamba la jirani na kuleta ugomvi. Lakini kuku huhitaji maji safi, chakula kidogo, mahali pakavu pa kulala, na jicho la kumwangalia. Mtoto akisahau maji, mchana huo huo ataona kuku wake ametweta na mdomo wazi. Hakuna somo la ubaoni lipitalo hilo.

Kwanza na tujue asili yake. Kuku wote wa ulimwengu, wa mfalme na wa mkata, hasa walitokana na kuku mwitu mwekundu wa misitu ya Asia ya kusini mashariki. Katika mwaka 2022 wataalamu walitangaza kwamba mifupa ya kale kuliko yote waliyohakikisha kuwa ni ya kuku wa nyumbani ilitoka mahali paitwapo Ban Non Wat, katika nchi ya Thailand, nayo ni ya kati ya miaka 1650 na 1250 kabla ya Kristo. Walisema kwamba kuku mwitu walivutwa na nafaka za wakulima, wakasogea karibu na nyumba, mwisho wakakaa. Basi kuku alikuja kwetu kwa ajili ya punje zilizoanguka, na hata leo akiona mtu amebeba ungo humkimbilia.

Kutoka asili hiyo moja watu wamefanya namna nyingi, kila taifa kwa haja yake. Tutaje baadhi ya wageni wajulikanao sana.

Kuku mweupe aitwaye Leghorn alipewa jina lake kwa ajili ya bandari ya Livorno, katika Italia. Ni mwepesi, hula kidogo, na hutaga mayai meupe mengi sana. Lakini ni mwoga, huruka kwa mshituko, na ni shida kumkuta akiatamia. Mtoto atakaye kuku wa kumshika mapajani asimchague huyu.

Kuku mwekundu aitwaye Rhode Island Red alifanywa na wakulima wa Marekani katika karne ya 19, kwa kuchanganya kuku wa Asia na wa Ulaya. Watu wa jimbo la Rhode Island walimpenda hata mwaka 1954 wakamfanya kuwa ndege wa jimbo lao. Ni mgumu, hutaga vema mayai ya rangi ya kahawia, na tembe wake si wakali. Ila majogoo yake mengine hurukia watu kwa vipi vyao, na mtoto mdogo aweza kuumia.

Orpington alifanywa na William Cook katika Uingereza, naye alimtokeza mwaka 1886. Ni mkubwa, mpole, na manyoya yake ni mengi kama godoro. Waaustralia walimchukua huyo, wakamtengeneza tena, wakapata kuku mweusi aitwaye Australorp. Katika mashindano ya mwaka 1922 na 1923, tembe sita wa namna hiyo walitaga mayai 1,857 katika siku 365, yaani zaidi ya 309 kwa kila mmoja. Huyu ni mpole pia, na watoto humpenda. Lakini weusi wake huvuta jua, na asiye na mti wa kivuli uani asimtese.

Tena yuko Silkie wa China, mwenye manyoya laini kama sufi, ngozi nyeusi, na vidole vitano katika kila mguu, hali kuku wengi wana vinne. Ndiye mpole kuliko wote, na hupenda mno kuatamia. Lakini manyoya yake hayazuii maji. Mvua ya masika ikimpata nje hulowa mpaka ngozini, na asipokaushwa aweza kufa.

Hao ndio wageni. Wazee wetu walisema, Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Nasi twasema, kuku mgeni hakosi gharama. Yule aliyefanywa atage mayai 300 hatayataga kwa kuchakura uani tu. Huyataga kwa chakula kilichopimwa na kwa banda zuri. Akipewa makombo ya ugali peke yake atakonda na mayai yatakatika. Hapo mzazi hulaumu kuku, kumbe mfuko ndio uliopungukiwa.

Sasa na tuwatazame kuku wetu wenyewe, ambao wengi tunawadharau kwa kuwa tumewazoea.

Yuko kuchi, mrefu wa miguu na shingo, asimamaye wima kama askari. Jogoo wake ni shujaa wa kupigana, na katika pwani na kwingineko watu wamemfuga kwa fahari tangu zamani. Huuzwa kwa bei kubwa. Lakini kwa mtoto ana neno moja baya: hawezi kuvumilia jogoo mwingine, na damu itamwagika. Atakaye kuchi awe na nyua mbili, au jogoo mmoja tu.

Yuko Singamagazi wa huko Tabora, mkubwa wa mwili. Yuko Ching'wekwe wa upande wa Morogoro, mdogo, asiyekula sana, afaaye nyumba yenye uwanja mfinyu. Yuko bukini asiye na mkia, na yuko mwenye kishungi kichwani, ambaye watoto hucheka wakimwona kana kwamba amevaa kofia ya sikukuu.

Yuko kidimu, mwenye manyoya yaliyojipinda kurudi nyuma. Huyu hupendeza macho, na upepo humfikia ngozini, kwa hiyo huvumilia joto. Lakini wenye kumfuga na wajue jambo hili: jogoo kidimu akipanda tembe kidimu, kama robo ya vifaranga watakuwa na manyoya dhaifu yanayokatika, nao watapata taabu ya baridi. Afadhali kidimu apandwe na jogoo mwenye manyoya ya kawaida. Nusu ya vifaranga watakuwa vidimu wazuri, na nusu watakuwa kama baba yao.

Mwisho yuko kishingo, asiye na manyoya shingoni. Wengine humwona mbaya wa sura, wakamwita mgonjwa. Si mgonjwa. Hata katika Romania, nchi ya Transylvania, wako kuku wa shingo tupu wanaopewa heshima. Manyoya ya mwili wake wote ni machache kuliko ya wenzake, na kwa hiyo joto humtoka upesi. Siku ya kiangazi, kuku wengine wakiwa wamelala chini ya ghala wakitweta, huyu bado anachakura. Tena kumnyonyoa ni kazi ndogo, kama mama zetu wajuavyo. Sifa yake hurithiwa kwa nguvu: hata akipandwa na jogoo mwenye manyoya shingoni, nusu ya vifaranga, na pengine wote, hutoka na shingo tupu.

Basi mzazi atachaguaje? Twashauri ajiulize maneno manne, na ajibu kweli. La kwanza, Nyumbani kwangu ni joto au baridi? Watu wa milimani wataona raha na kuku wa manyoya mengi, na watu wa pwani wataona raha na kishingo au kidimu. La pili, Nina chakula cha kununua, au kuku atajitafutia? La tatu, Nataka mayai, au nataka vifaranga? Maana atagaye sana kwa kawaida haatamii, na aatamiaye huacha kutaga. Tembe wetu wa kienyeji hutaga mayai kama 40 mpaka 60 kwa mwaka, nayo ni machache. Lakini huketi juu yake siku 21, huwatotoa, huwafunika na mvua, na humpigania mwewe. Mama huyo ni mashine na yaya pamoja, wala hadai mshahara. La nne, Mtoto wangu ni wa tabia gani? Mtoto mwenye haraka apewe kuku mtulivu, na mtoto mwoga asipewe jogoo.

Tukiulizwa, Ninyi mwampenda yupi? twajibu bila kuficha: twampenda tembe kishingo wa kienyeji, mwenye umri wa mtetea, atokaye kwa mama mwenye kulea vema. Tunamchagua kwa sababu atakaa nasi miaka mingi bila kutufilisi, na kwa sababu mtoto atapata kuona kazi yote, tangu yai mpaka kifaranga.

Tena twaonya neno moja kwa waalimu na wazee wa vijiji. Katika Kenya, tangu mwaka 1976, ulikuwapo mpango wa serikali pamoja na Waholanzi wa kuwapa watu majogoo ya kigeni badala ya yao, ili kuku wawe wakubwa na mayai yazidi. Nia ilikuwa njema, na vifaranga wa kwanza huwa wazuri kweli. Lakini nyumba ikiendelea kuleta damu ya kigeni kila mwaka, mwisho hapana tembe aketiye juu ya mayai, na mwenye nyumba hulazimika kununua vifaranga kila msimu. Aliyekuwa na kuku huwa mteja wa kuku. Kwa hiyo atakaye kuchanganya na achanganye, ila aweke kando tembe wachache na jogoo mmoja wa asili yake, asiwaguse. Wakipotea hao, hakuna duka liwauzalo.

Kumchagua ni nusu ya kazi. Kumhifadhi ni nusu ya pili. Kuku mgeni akae peke yake wiki mbili kabla ya kuchanganywa na wenzake. Majivu makavu yamwagwe penye kiota, apate kujigaagaza na kupunguza utitiri. Zaidi ya yote, achanjwe mdondo, ambao wengine huuita kideri. Ugonjwa huo hauna dawa ya kuuponya. Hupindua shingo, huleta kuhara kwa rangi ya kijani, na waweza kumaliza banda zima kwa siku chache. Lakini kinga iko, tena ni rahisi: tone moja la chanjo katika jicho, na kurudia kila baada ya miezi mitatu au minne, kama bwana mifugo atakavyoelekeza. Chanjo haimfai kuku aliyekwisha ugua. Majirani na wachanje siku moja, maana ugonjwa haujui ua wa nani.

Sasa twafika penye neno lililo zito kuliko yote. Wazazi wengine humpa mtoto kuku, wakamwambia, Huyu ni wako. Mtoto humlisha mwaka mzima. Kisha mgeni hufika ghafula, na baba hutazama uani, akamkamata kuku yule yule kwa kuwa ndiye mnene na ndiye asiyekimbia watu. Mtoto arudipo kutoka shule hukuta manyoya. Twauliza, amejifunza nini? Amejifunza kwamba neno la baba ni jepesi, na kwamba atunzaye vema ndiye apotezaye kwanza.

Hatusemi mgeni asichinjiwe kuku. Ukarimu ni heshima ya nyumba zetu, na hatutaki uishe. Twasema agano liwekwe mapema. Mtoto aambiwe tangu siku ya kwanza: tembe huyu ni wako, hatachinjwa wala kuuzwa pasipo wewe kujua, lakini pora wake na mayai yake ni ya nyumba yote, na katika hao mgeni atapata chakula. Hivyo mtoto atakuwa mwenye mali na mwenye ukarimu pamoja. Siku mgeni ajapo, aitwe yeye mwenyewe achague pora wa kuchinjwa. Mtamwona amesimama kama mtu mzima.

Wazee walisema kwamba kuku wa mkata hatagi, na akitaga haangui, na akiangua halei, na akilea, mwewe huwachukua. Ni methali ya huzuni, na mara nyingi ni kweli. Lakini sehemu kubwa ya huzuni hiyo yaweza kuondolewa kwa banda lenye mlango, tone la chanjo, na mtoto mmoja ahesabuye kuku wake jioni.

Mwezi ujao, tukijaliwa, tutasema habari ya kujenga banda lisiloingiwa na kicheche. Kaeni salama.