Sehemu ya 9: Bakapu ikienda taratibu, usiizime

Juzi nimetoka zamu nakuta laptopu imezimwa. Baba watoto anasema bakapu inachelewa, kaikatisha. Na picha za mwanetu tangu siku ya kwanza zimo humo humo tu! Mimi hapo siungi mkono. Ikienda taratibu tafuta sababu, usiikate.

Sisi tuna kile kisanduku cha diski kinachounganishwa na ruta. Picha na video GB 200. Kwa waifai ya chumba cha mwisho zilipita MB 3 kwa sekunde, yaani zaidi ya saa 18. Nikachomeka waya: MB 11. Afadhali, ila bado. Kumbe waya wenyewe mbovu (mtoto kaushindilia na kiti). Ndani una nyuzi 8, ukikatika mmoja mara nyingi mwendo unashuka hadi megabiti 100. Nimenunua mwingine, sasa inapita 80 na kitu. Haikufika saa nzima!

Ya kwanza ndiyo ndefu, zinazofuata hubeba vipya tu. Hiyo ya kwanza ifanyeni kwa waya, laptopu iwe kwenye chaji na isilale. Na baba watoto mwambieni mapema.