Damu ya Waliopona

Mwaka 1976, daktari kijana kutoka Kinshasa alifika Yambuku, misheni ya Wakatoliki kaskazini mwa Zaire (sasa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo), ambako watu walikuwa wakifa kwa homa isiyojulikana. Hakuwa na glavu. Kila alipochomoa sindano baada ya kumtoa mgonjwa damu, tundu halikuziba. Damu iliendelea kuchuruzika hadi ikamlowesha vidole. Alinawa kwa maji na sabuni, akaendelea na kazi. Aliporudi Kinshasa alifuatana na mtawa Mbelgiji aliyekuwa mgonjwa, na damu ya mtawa huyo ikasafirishwa hadi Antwerp. Huko ndiko virusi vya Ebola vilikoonekana kwa hadubini, na kwa miaka mingi habari ikawa ni ya wenye hadubini. Wa vidole vilivyolowa damu hakutajwa sana.

Daktari huyo ni Jean-Jacques Muyembe-Tamfum. Alikuwa amesomea virolojia hadi shahada ya uzamivu Leuven, Ubelgiji, kisha akarudi kwao. Toleo hili linahusu kinga ya mwili, nami nimeona tuanze na yeye kwa sababu kazi yake inathibitisha jambo tunalolisahau kila tunapopanga bajeti za utafiti: swali moja la maana laweza kudai robo karne, na linamtaka mtu wa kukaa nalo pale pale lilipozaliwa.

Swali lake lilizaliwa mwaka 1995 huko Kikwit, mji wa nchi hiyo hiyo. Ebola iliwapata watu 315, wengi wao wakafa. Dawa haikuwapo, chanjo haikuwapo. Muyembe na wenzake Wakongo wakawaza hivi: aliyepona ana kingamwili ndani ya damu yake, basi kwa nini asimgawie anayekufa? Wagonjwa wanane wakaongezewa damu ya waliopona. Saba wakaishi.

Wataalamu wa nje walitia shaka. Hapakuwa na kundi la kulinganisha, tena huenda wagonjwa hao walikwisha kuvuka siku za hatari. Shaka hiyo ilikuwa ya haki, na mhariri yeyote wa jarida la sayansi angeuliza vivyo hivyo. Lakini anayetilia shaka jibu ana wajibu wa kusaidia kulipima, na hapo ndipo Kikwit ilipoachwa peke yake. Ilipita miaka 20 kabla plazima (majimaji ya damu yenye kingamwili) ya waliopona haijajaribiwa kwa utaratibu, nchini Guinea, na matokeo hayakuonyesha kwamba iliokoa maisha zaidi. Mwingine angefunga daftari.

Muyembe hakulifunga, maana wakati huo njia nyingine ilikuwa imeshaanza. Mwaka 2006, miaka 11 baada ya ugonjwa, damu ya mtu aliyepona Kikwit ilichunguzwa tena. Kumbukumbu ya kinga ilikuwa bado imo. Kwa ushirikiano na watafiti wa Marekani na Uswisi, seli zake zilichambuliwa hadi ikapatikana kingamwili moja yenye kukishika kirusi na kukizuia kuingia ndani ya seli. Waliiita mAb114. Damu nzima ina kingamwili za kila namna, kali na dhaifu. Hapa ilichaguliwa moja, ikazalishwa kwa wingi, na kila mgonjwa akapewa kipimo kinachojulikana.

Jaribio lilianza Novemba 2018 Kivu Kaskazini, mashariki mwa Kongo, katikati ya mlipuko wa Ebola na milio ya risasi. Wagonjwa 681 waligawanywa kwa dawa nne. Kati ya waliopewa mAb114 walifariki asilimia 35. Dawa ya kulinganishia, ZMapp, asilimia 50. Dawa nyingine ya kingamwili, REGN-EB3, nayo ilifanya vizuri. Agosti 2019 jaribio likasimamishwa mapema, wagonjwa wote wapewe hizo mbili. Safari hii kundi la kulinganisha lilikuwapo, na taasisi ya Kinshasa ambayo Muyembe alikuwa akiiongoza tangu 1998 ilikuwa miongoni mwa wenye jaribio. Mwaka huo wa 2019 alitaka pia sampuli za damu za mlipuko huo zihifadhiwe Kongo, zisipelekwe nje kama ile ya 1976.

Kwa hiyo wasomaji watakaofungua kurasa za seli na protini wakumbuke pia Beni na Butembo, miji ya Kivu Kaskazini, ambako watoto waliotengwa na mama zao wagonjwa walihitaji mtu wa kuwabeba. Waliowabeba walikuwa wanawake na wanaume waliopona Ebola, kinga ikiwa ndani ya miili yao.