Mambo ya Nyumbani: Moshi wa Jikoni na Mfuko wa Baba

Mwezi huu twapenda kusema habari za moshi wa jikoni, maana ni jambo la nyumba nyingi hapa Mpwapwa, nasi hulihesabu kuwa dogo.

Tangu zamani mama wa Kigogo amepikia ndani ya tembe, penye paa la chini na tundu dogo la kuingizia mwanga. Anaposonga ugali wa uwele, mtoto yu mgongoni, nao wote wawili huvuta moshi ule ule. Moshi huo una chembe ndogo mno zisizoonekana kwa macho, ziingiazo hata ndani kabisa ya mapafu. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika mwaka 2020 hewa chafu ya majumbani iliua watu milioni 3.2 ulimwenguni, na katika hao watoto wa chini ya miaka 5 walikuwa zaidi ya 237,000.

Serikali yetu imelitazama jambo hili. Tarehe 8 Mei 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, ambao shabaha yake ni kwamba ifikapo mwaka 2034 watu 80 katika kila 100 wawe wanapikia nishati safi. Tena Wakala wa Nishati Vijijini umeuza mitungi ya gesi ya kilo 6 wilayani kwa nusu ya bei. Hayo ni mema, nasi twashukuru.

Lakini mtungi ukiisha, je? Twaona nyumba ambazo mtungi umewekwa pembeni, umefunikwa kitambaa, na mafiga yamerudi mahali pake. Tukiuliza sababu, baba husema, "Gesi ni ghali, kuni ni bure." Neno hilo yafaa tulipime. Kuni hulipwa na mama kwa miguu yake, kwa mgongo wake na kwa macho yake. Na binti hulipa kwa saa za masomo. Bali kwa kuwa malipo hayo hayatoki katika mfuko wa baba, hayaandikwi katika hesabu ya nyumba. Mwenye fedha hayuko penye moshi, na aliye penye moshi hana fedha.

Basi twawasihi akina baba mambo haya.

Kwanza, kaeni pamoja na wake zenu, mkatenge fedha kidogo kila juma kwa ajili ya gesi, kama mtengavyo ya chumvi na sabuni. Haba na haba hujaza kibaba.

Pili, gesi itumiwe kwa akiba. Maharagwe yalowekwe usiku kucha, na sufuria ifunikwe. Nyumba yenye umeme yaweza kupata jiko la umeme la presha. Hilo huivisha sufuria ya maharagwe kwa umeme usiotimia uniti moja.

Tatu, nyumba isiyoweza gesi bado isikate tamaa. Itumie kuni kavu, ipikie nje au penye dirisha kubwa, na watoto wakae mbali na moto. Wala mtu asilale amefunga mlango penye mkaa uwakao, kwa maana sumu yake haina harufu, nayo huua watu usingizini.

Nne, tunzeni visiki shambani. Shirika la LEAD Foundation, kwa kazi yake iitwayo Kisiki Hai, limewafundisha wakulima wa Dodoma kuchagua machipukizi yaliyo bora na kuyapogolea, hata kisiki kiwe mti tena. Matawi yaliyokatwa huwa kuni za karibu, na mama hupunguziwa safari.

Nanyi walimu, wapeni watoto hesabu hii: kila mmoja aandike saa zinazotumika nyumbani kwao kutafuta kuni kwa juma moja, kisha azidishe kwa majuma 52. Jibu lake asiliache shuleni, bali alipeleke nyumbani, akamsomee baba yake.