Ua dogo, kesi kubwa!

Leo tuyaache kidogo mambo ya nani kamwacha nani na nani kavaa nini kwenye sendofu. Safu yako inapanda milimani, inakwenda Rwanda, nchi ya vilima elfu.

Najua nikitaja tu mimea na wanyama wa Rwanda, wewe akili imeshakimbilia kwa magorila. Sina ugomvi nao, wale ni mastaa. Tangu mwaka 2005 watoto wao wanafanyiwa sherehe ya kupewa majina, Kwita Izina, ngoma zinalia na wageni waalikwa wamependeza. Mwaka 2017 kibali cha mgeni kukaa nao saa moja kilipandishwa kutoka dola 750 mpaka dola 1,500. Na mwaka 2018 ikatangazwa kuwa magorila wa milimani, ukijumlisha na wale wa Uganda na Kongo, wamevuka 1,000. Hongera zao bwana.

Ila mimi mtoto wa uswahilini, roho yangu iko kwa wale wasiojulikana. Ndiyo maana leo nakuletea ua.

Kusini-magharibi mwa Rwanda, mbali na volkano za magorila, kuna mahali panaitwa Mashyuza. Pale kuna chemchemi ya maji moto. Maji yanatoka ardhini yakiwa ya moto, yakisambaa pembeni yanapoa mpaka nyuzi kama 25 hivi, yanalowanisha tope. Mwaka 1987 mtaalamu wa mimea, Mjerumani anayeitwa Eberhard Fischer, alikuta kwenye tope hilo yungiyungi la ajabu.

Yungiyungi unalijua, lile ua la bwawani ambalo majani yake yamelala juu ya maji kama sahani. Huko Amazon liko moja, jani lake linapita upana wa mita 2 na linaweza kubeba mtoto mdogo. Sasa hili la Mashyuza jani lake linaweza kuwa na upana wa sentimita 1 tu. Kifungo cha shati! Ua lake jeupe, katikati lina unjano. Ndilo dogo kuliko mayungiyungi yote duniani. Tena halikai majini kama ndugu zake, linakaa topeni. Kwa kitaalamu likaitwa Nymphaea thermarum, yaani yungiyungi la maji moto.

Shida ni kwamba makazi yake yaliyojulikana yalikuwa hapo tu, kitope cha mita chache za mraba. Fischer akachukua miche michache, akaipeleka kwenye bustani ya mimea ya Bonn, Ujerumani. Asingefanya hivyo, sijui leo ningekuwa naandika nini. Maji ya chini ya ardhi yanayolisha ile chemchemi yalitumika mno, tope likakauka, na ilipofika mwaka 2008 ua lilikuwa halionekani tena. Hakuna aliyelichukia. Hakuna aliyelivamia na panga. Watu walitaka maji tu, basi.

Huko Ujerumani nako mambo hayakuwa mswano. Ua lilikuwa gumu kuzalisha, na inasimuliwa kwamba ilifika mahali ikabaki miche miwili, panya akaja akala mmoja! Mbegu zikapelekwa bustani ya Kew, London, kwa jamaa mmoja Mhispania, Carlos Magdalena. Akahangaika nazo weee. Akizipanda chini ya maji kama mayungiyungi mengine, miche inadumaa, inakufa. Mwishowe akashtuka kwamba huyu mtoto hapendi kuzamishwa, anataka hewa, maana humo ndimo anamopata kabonidayoksaidi ya kumtosha. Akaweka vyungu vya udongo kwenye maji ya nyuzi 25, udongo ukawa usawa mmoja na maji. Mwaka 2009 kitu kikajibu. Ua likaota, likakua, likachanua.

Hebu sikia vituko sasa. Januari 2014 mjanja mmoja alizama kwenye nyumba ya vioo ya Kew, akang'oa mche mmoja, akayeyuka nao. Polisi wa London wakaanza upelelezi. Kisa, ua lenye jani la kifungo cha shati!

Niliposoma habari hiyo nilicheka sana, halafu kicheko kikakata. Ulaya ung'olewe mche mmoja, polisi wanaitwa. Kwao Mashyuza liliisha lote, na sijasikia kwamba kuna aliyekwenda kituoni kuandikisha maelezo.

Usiwacheke Wanyarwanda, mshkaji. Na sisi Bongo tuna vyura wetu wa Kihansi. Bwawa la umeme lilipopunguza maji ya maporomoko, wale vyura wadogo waliozoea kuishi kwenye manyunyu wakapukutika. Wakaokolewa kwa kulelewa Marekani, mpaka mwaka 2010 walipoanza kurudishwa nyumbani. Watu mitaani tuliwafanya utani, eti chura kapanda ndege kabla yetu. Lakini hadithi ni ile ile. Kiumbe kidogo, mahali pamoja, maji yakiondoka na chenyewe kimekwisha.

Habari njema nimekuwekea mwishoni kama mnofu wa pilau. Mwaka 2023 watafiti nchini Rwanda waliliona tena lile yungiyungi, porini, huko huko Mashyuza. Miaka kama 15 watu walidhani limebaki kwenye vyungu vya Wazungu tu, kumbe lilikuwa limejibanza zake topeni, limetulia.

Kwa hiyo ukipata nauli ya kwenda Rwanda, kawaone magorila, piga picha, tutambie mtaani. Ila ukiona watu wamezungushia uzio kipande cha tope, usiulize kwa dharau wanalinda nini. Na hata hapa mjini, kabla hatujamwaga kifusi kwenye kidimbwi cha nyuma ya nyumba, tuiname kwanza tuangalie nani anaishi humo. Kuinama ni bure, hakuna kibali cha dola 1,500.

Tukutane wiki ijayo panapo majaliwa. Kaa poa!