Lubutu: simu peke yake haiponyeshe shingo

Huku Lubutu, mama akitoka shamba anabeba kitunga mgongoni, kamba ikipita kwenye paji la uso. Uzito wote unavuta shingo. Dawa inatuliza siku mbili tatu. Kupona kunaomba mazoezi ya wiki nyingi. Na nani atalipa pikipiki kila wiki, kwa barabara tunayoijua sote?

Mwaka 2017, OMS iliomba nchi zote ziongeze huduma za kurudishia watu nguvu za mwili hadi 2030. Wengi sasa wanategemea simu. Tuelewane: video ya Kifaransa yenye kula mega zote haisaidie kitu. Sauti fupi ya Kiswahili, iliyowekwa ndani ya simu siku ya kwanza kule hospitali, itasikika hata bila rezo.

Lakini munganga aanze kumpima mgonjwa kwa mikono yake: mkono ukifa ganzi ao ukikosa nguvu, hiyo si kazi ya simu. Na kitunga kisipopunguzwa, mazoezi ni maji ndani ya ndoo iliyotoboka.

Basi, wenye kupanga bajeti kule Kindu wahesabu kwanza mshahara wa munganga wa mazoezi, kisha simu.