Macho Mekundu na Elimu ya Daktari

Wako miongoni mwetu wasemao kwamba historia, lugha na fasihi ni pambo tu katika elimu ya daktari. Taifa, wanadai, lina upungufu wa waganga. Basi mwanafunzi na ajue mwili na dawa, yatosha. Sisi twakataa, na ushahidi wetu twautoa Kolandoto, karibu na mji wa Shinyanga, penye hospitali iliyoasisiwa na wamisionari wa Africa Inland Mission na chuo cha elimu ya afya.

Tuyatazame macho mekundu ya kikongwe wa Kisukuma. Daktari aliyesoma mwili peke yake huona macho yaliyoumizwa na moshi. Hutoa dawa, akaita mgonjwa mwingine. Lakini katika nchi hiyo wanawake wazee wameuawa kwa mapanga kwa sababu ya wekundu huo huo, uliohesabiwa kuwa alama ya uchawi. Je, aliyemtibu macho akamrudisha penye panga bila kumwuliza neno, amemponya?

Tena moshi huo una historia. Wakati wa ukoloni misitu ya Shinyanga ilifyekwa ili kuangamiza mbung'o, na mashamba ya pamba yakapanuka. Kuni zikawa adimu; akina mama wakapikia samadi kavu na mabua ya pamba. Jambo hili halimo katika kitabu cha mifupa na mishipa.

Watatujibu kwamba kuzuia mauaji ni kazi ya polisi. Ni kweli, na mara nyingine nyuma ya neno "uchawi" hujificha tamaa ya mirathi. Lakini mara nyingi polisi huitwa baada ya kifo, ilhali daktari huketi na mama huyo angali hai. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Ila nani atamfunulia hofu yake mtu asiyejua hata kumwamkia kwa lugha yake?

Wala hatusemi kwamba utamaduni ndio maradhi. Ngitili, desturi ya Wasukuma ya kutenga malisho na kuhifadhi miti, ndiyo iliyotegemewa na mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ulioanzishwa mwaka 1986, katika kuirudisha misitu. Sehemu ya dawa ilikuwamo katika hekima ya wenyeji.

Kwa hiyo twadai historia na lugha za wananchi zifundishwe na kutahiniwa katika vyuo vya udaktari kama masomo mengine yote. Daktari asiyeijua jamii hutibu jicho, akampoteza mwenye jicho.