Tamthilia Katika Jumba la Sinema: Hadhira Husubiri Nini?

Wahenga walinena kuwa asiyekuwapo na lake halipo. Kwa muda mrefu methali hii iliutawala mchezo wa kuigiza. Aliyekosa nafasi ukumbini, au aliyeishi mbali na mji wenye ukumbi, aliambulia kusimuliwa. Tarehe 25 Juni 2009 hali hiyo ilianza kubadilika nchini Uingereza. Tamthilia ya Phèdre, aliyoiigiza Helen Mirren, ilipokuwa ikichezwa katika ukumbi wa National Theatre jijini London, kamera na setilaiti ziliifikisha papo hapo katika majumba ya sinema ya miji mingine. Jumba la opera la Metropolitan, New York, lilikuwa limetangulia kufanya hivyo tangu Desemba 2006.

Tangu wakati huo, maonyesho ya aina hii yamekuwa yakisubiriwa kwa hamu kubwa. Tarehe 15 Oktoba 2015, kwa mfano, maelfu ya watu waliketi sinemani kumtazama Benedict Cumberbatch akiigiza Hamlet. Walisubiri nini hasa? Kisa hicho kimejulikana kwa zaidi ya miaka 400, na watazamaji wengi walijua vema kwamba mwana wa mfalme atakufa. Ni dhahiri basi kwamba kinachosubiriwa si kisa bali ni saa yenyewe: saa ambayo mwigizaji aweza kusahau maneno yake, na hapana wa kuamuru kwamba onyesho lirudiwe. Filamu hukamilika kabla ya mtazamaji kufika. Mchezo hukamilika mbele yake.

Mwanafunzi wa Kenya hahitaji kufunzwa jambo hili. Vibanda vya video hufurika watu mechi ya Ligi Kuu ya Uingereza inapochezwa, lakini marudio ya mechi hiyo hiyo kesho yake hayana mvuto.

Wapo wanaoshikilia kwamba tamthilia ikishapita kwenye kamera si tamthilia tena. Hoja yao ina uzito. Macho hayana pazia: ukumbini mtazamaji aweza kumwacha anayesema akamtazama anayesikiliza, ilhali sinemani kamera humchagulia. Isitoshe, mwigizaji hasikii kicheko cha hadhira iliyo mbali. Hata hivyo, utafiti wa shirika la NESTA uliotolewa mwaka 2010 ulionyesha kwamba watazamaji wa sinemani walieleza kuguswa kihisia kuliko hata wale waliokuwa ukumbini. Huenda kamera ile ile inayomnyima mtazamaji uhuru ndiyo inayomsogezea uso wa mwigizaji.

Suala hili lina uzito wa pekee kwa wapenzi wa Kiswahili. Tamthilia huandikwa ili ichezwe, lakini Kigogo ya Pauline Kea na Bembea ya Maisha ya Timothy Arege zimesomwa na wanafunzi wengi kwa ajili ya mtihani tu. Makundi yanayozunguka shuleni kuigiza vitabu teule yanastahili pongezi. Lakini onyesho linalochezwa Nairobi usiku wa leo halimfikii mwanafunzi wa Lamu au wa Lodwar.

Uwezo wa lugha hauna shaka. Mwaka 2012 waigizaji kutoka Kenya waliicheza The Merry Wives of Windsor kwa Kiswahili katika ukumbi wa Globe, London, kwenye tamasha lililozikutanisha tamthilia za Shakespeare kwa lugha 37. Ikiwa Kiswahili kilistahili jukwaa hilo, kinastahili pia kiwambo cha Mombasa, Kisumu na Dar es Salaam.

Gharama za kamera, mitambo na haki za watunzi si haba. Lakini chanda chema huvikwa pete, na haba na haba hujaza kibaba. Idara za Kiswahili na za sanaa za maonyesho zaweza kuanza na vyuo vikuu viwili, kumbi mbili na mchezo mmoja unaorushwa kwa intaneti. Onyesho hilo lipewe tarehe, liuziwe tiketi, wala lisirudiwe kesho yake. Tamthilia ya Kiswahili itakuwa imepiga hatua siku ambayo mwanafunzi ataihesabia siku kama anavyoihesabia mechi.